Vikwazo vya Arusha na Watu wa Kalinzi

Wanaosimulia vikwazo dhidi ya Burundi huanzia Arusha, tarehe 31 Julai 1996, siku viongozi wa kanda walipoketi na Mwalimu Nyerere na kuamua kumfungia Meja Pierre Buyoya, mtawala wa Burundi, milango yote. Sisi wa Kalinzi hatuwezi kuanzia hapo. Anayetaka kujua kwa nini wazee wetu walifurahi redio ilipotangaza kwamba biashara na Burundi imepigwa marufuku, ingawa biashara hiyo ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wao, hana budi kurudi hadi mwaka 1972.

Mwaka huo nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Kalinzi ipo milimani, kwenye barabara ya kutoka Kigoma mjini kwenda Manyovu. Ni nchi ya kahawa na migomba, na mtu aliyeondoka na jogoo wa kwanza alikuwa mpakani kabla ya adhuhuri. Waha na Warundi tunasikilizana bila mkalimani, tunaoana, tunazikana. Mwishoni mwa Aprili uasi ulizuka kusini mwa Burundi, katika miji ya Rumonge na Nyanza-Lac kando ya Ziwa Tanganyika. Waasi waliua watu, wengi wao Watutsi. Jeshi la Rais Michel Micombero likajibu kwa mauaji yaliyoendelea kwa miezi, na shabaha yake kubwa ilikuwa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliouawa ni kati ya 100,000 na 200,000, na wapo wanaosema walizidi hapo.

Hesabu hizo nimezijua ukubwani. Nilichokiona wakati ule ni mwalimu mmoja aliyelala jikoni kwetu. Kila lori lilipopita barabarani, hata lile la kubeba kahawa ambalo kila mtoto wa kijiji alilijua kwa mlio, alitoka kwa mlango wa nyuma akaingia migombani. Mama alikuwa akimwita, "Kaka, rudi, hilo ni letu." Alirudi baada ya muda mrefu, hali, hasemi. Baba alitukataza kumuuliza chochote kuhusu mke wake.

Na dunia ilifanya nini? Mei mwaka huo huo Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Diallo Telli, alikwenda Bujumbura akatangaza kwamba umoja huo uko pamoja na Micombero. Juni wakuu wa Afrika walikutana Rabat na damu ya Burundi haikuwazuia kumaliza shughuli zao. Kanuni ilikuwa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama. Marekani nayo ilikuwa na nyenzo yake ya kumbana Micombero, kwa kuwa makampuni yake ndiyo yaliyokuwa yakinunua sehemu kubwa ya kahawa ya Burundi. Iliendelea kununua. Mimi nilikuja kuwa karani wa ghala la kahawa la chama cha msingi, na nimeshika buni maisha yangu yote. Kila nikilikumbuka jambo hili linaniuma, maana kahawa ile iliyoendelea kusafirishwa ilichumwa kwenye mashamba ambayo baadhi ya wenyewe walikuwa wamelala majikoni kwetu.

Mwaka 1973 moto ulivuka mpaka. Jeshi la Burundi, likidai kuwafuata waasi, lilishambulia vijiji vya upande wetu na Watanzania wakafa. Wafanyakazi wa bandari za Kigoma na Dar es Salaam wakakataa kugusa mzigo wowote wa Burundi. Nchi ile haina bahari, na bidhaa zake nyingi zilipita kwa reli ya kati hadi Kigoma, kisha kwa meli hadi Bujumbura. Hazikupita wiki nyingi, kwa usuluhishi wa Mobutu wa Zaire, Micombero akakubali kulipa fidia. Wazee wa Kalinzi walilishika somo hilo. Mtawala aliyepuuza vilio vya watu wake alisikia pale makuli walipokunja mikono.

Wakimbizi wengi wa 1972 walihamishwa mbali na mpaka, wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na baadaye Mishamo kule Mpanda. Lakini si wote waliokwenda. Wengine walikuwa na shangazi hapa, au mkwe, au walipata kibarua cha kuchuma kahawa wakakaa. Mmoja wao alikuwa kijana wa Nyanza-Lac aliyejua useremala. Tulimwita Fundi. Akaoa binti wa hapa, akajenga, akapanda miche yake ya kahawa, akalipa kodi ya kichwa kama sisi. Milango ya nusu ya nyumba za kitongoji chetu aliitengeneza yeye. Nitamrudia.

Miaka ya baadaye naipita haraka. Juni 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye, na tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua. Katika wiki chache tu mamia ya maelfu walivuka kuingia Tanzania. Barabara ya Manyovu ilijaa watu wenye magodoro vichwani, madarasa yetu yakawa mabweni, na kuni zikaadimika hadi watu wakakata miti ya kivuli cha kahawa. Aprili 1994 ndege iliyokuwa ikitoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam ilidunguliwa Kigali, wakafa marais wa Rwanda na Burundi pamoja, na yaliyofuata Rwanda kila mtu anayajua. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania, ikiwa imeelemewa, ikafunga mpaka wake na Burundi. Watu wakaanza kupita usiku, kwa vijia vya korongoni.

Julai 1996 msimu wa kahawa ulikuwa unaishia. Tulikuwa tukisikiliza redio ghalani huku tukishona magunia. Tarehe 20 ilikuja habari ya Bugendana, ambako Watutsi zaidi ya 300, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia kambini humo, walichinjwa na waasi wa Kihutu. Fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alisema, "Sasa wamekuwa kama wale," akainuka akaenda zake. Rais Sylvestre Ntibantunganya alipokwenda kwenye mazishi alirushiwa mawe, akakimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani. Tarehe 25 Buyoya akatwaa madaraka kwa nguvu ya jeshi.

Siku sita baadaye Arusha ikasema. Rais Mkapa alikuwa hajatimiza hata mwaka Ikulu. Moi wa Kenya na Museveni wa Uganda walikuwepo, na Mwalimu ndiye aliyekuwa msuluhishi. Masharti yalikuwa matatu: bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yafanyike na pande zote, hata na walioshika bunduki, bila masharti. Mpaka hapo yatakapotimizwa, hakuna mafuta ya petroli, hakuna ndege, hakuna meli, hakuna lori. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunga mkono, na Agosti 30 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nalo likaunga mkono juhudi za kanda kwa azimio namba 1072. Afrika ile ile iliyompongeza Micombero mwaka 1972 sasa ilikuwa inamwambia Buyoya kwamba kuua na kupindua si mambo ya ndani ya nyumba yake. Ndiyo sababu wazee walifurahi. Mmoja wao, aliyewahi kuficha watu kumi kwenye ghala lake la mahindi, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wamechelewa, lakini wamesema." Nilikuwa upande wake, na bado nipo.

Hata hivyo ni lazima niseme jinsi uamuzi ule ulivyoshuka kutoka Arusha hadi kwenye njia za miguu.

Bandari ya Kigoma ilinyamaza. MV Liemba haikwenda tena Bujumbura, na vijana waliokuwa wakipakia saruji na mafuta walikaa kwenye kuta za reli wakicheza bao. Manyovu malori yaligeuzwa. Petroli upande wa pili ilipanda bei kila wiki, na kwa sababu hiyo madumu ya manjano yalianza kuonekana kwenye baiskeli usiku, manne kwa baiskeli moja, yakisukumwa mlimani bila taa. Waliokuwa nyuma ya madumu yale si waliosukuma. Msukumaji alipata senti za kununua kilo ya sukari. Aliyejenga nyumba ya bati jipya ni yule aliyekuwa na gari, mtaji na mtu wa kumfungulia njia. Vivyo hivyo ng'ambo, wenye jeshi na wenye ofisi hawakukosa kitu, na baadhi yao walitajirika kwa magendo. Kikwazo kilikusudiwa kumkaba aliye juu. Kwa miezi mingi kilimkaba aliye chini kwanza.

Chumvi ndiyo iliyonionyesha hilo kwa macho. Chumvi ya Uvinza tangu enzi za mababu ndiyo iliyokuwa ikiliwa Burundi, na ilikuwa ikipita kwetu kwa mifuko. Asubuhi moja, nadhani ni Oktoba, nilifungua ghala nikamkuta mwanamke ameketi chini ya dirisha, mtoto mgongoni. Miguu yake ilikuwa na matope ya mto hadi magotini. Alikuwa ametembea usiku kucha na maharage, debe moja, akitaka abadilishe kwa chumvi. Hakuwa na habari kwamba kubadilishana huko sasa ni kosa. Alijua tu kwamba kwao chumvi imefika bei ya nguo. Muuza duka jirani alimpimia chumvi kwa kikombe cha bati, akaifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lisipasuke, akaongeza viganja viwili juu bila kuhesabu. Mwanamke akaificha ndani ya kitenge, kati ya mgongo wake na mtoto. Nikamuuliza mume wake yuko wapi. Akasema wamepelekwa kwenye kambi ya kukusanywa, yeye na wenzake wa kilima chao, kwa amri ya jeshi, na shamba limeota majani.

Kambi hizo za kukusanya watu zilikuwa kazi ya serikali ya Buyoya. Wakulima wa Kihutu waliondolewa vilimani kwao kwa mamia ya maelfu na kuwekwa mahali pasipo maji wala choo, ati wasiwalishe waasi. Kwa hiyo mwanamke yule alibanwa na mtawala wake na akabanwa na adhabu ya mtawala wake. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii, na sijabadili maoni kwamba vikwazo vilikuwa haki. Lakini vingewekwa na mtu aliyewahi kuona jani lile la mgomba, chumvi ingeachwa ipite tangu siku ya kwanza. Viongozi walikuja kulegeza mambo Aprili 1997, wakaruhusu chakula, vifaa vya shule, pembejeo za kilimo. Miezi tisa si mingi kwa mtu wa mikutano. Kwa mtoto wa mgongoni ni mingi.

Kisha likaja la kwetu wenyewe, na hili ndilo linalonifanya niandike.

Kufikia nusu ya pili ya 1997 Bujumbura ilikuwa ikilalamika kwamba waasi wanajipanga katika kambi za wakimbizi za Kigoma, na mpakani risasi zilikuwa zikisikika. Serikali yetu ikaamua kwamba Mrundi yeyote anayeishi nje ya kambi akamatwe apelekwe kambini. Makumi ya maelfu walikusanywa katika vijiji vya magharibi. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya jambo hilo mwaka 1999, lakini sisi hatukuhitaji ripoti. Walichukuliwa waliovuka mwezi uliopita na walichukuliwa waliovuka miaka 25 iliyopita.

Askari walifika kitongojini kwetu alfajiri, na orodha. Fundi alikuwa akipiga randa ubao wa mlango wa kanisa. Walimwambia achukue anachoweza kubeba. Mke wake, Mha wa hapa, mjukuu wa mwenyeji, aliwaonyesha stakabadhi za kodi alizokuwa amezitunza kwenye kopo la maziwa, za mwaka hadi mwaka, zimekunjwa vizuri. Askari kijana alizitazama, akazirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema, "Mama, mimi nimetumwa." Mama huyo akaulizwa kama anafuatana na mumewe au anabaki. Alikuwa na watoto watano na kahawa mbichi kwenye vichanja. Alibaki. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mimi nilikuwepo, vijana wenye nguvu walikuwepo. Tulimsindikiza hadi kwenye lori.

Alipelekwa Mtabila, wilaya ya Kasulu. Nilimpelekea vifaa vyake baadaye, msumeno, randa na patasi, nimevifunga ndani ya gunia la kahawa ili visinyang'anywe njiani. Nilimkuta kwenye kibanda cha karatasi ya plastiki chenye nembo ya shirika la wakimbizi. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini, na mwaka 1998 sheria mpya ya wakimbizi ikakaza zaidi. Fundi hakulalamika juu ya chakula. Alisema kitu kimoja ambacho nilikiandika siku ile ile nilipofika nyumbani: "Shemeji, mwaka 1972 nilikimbia waliotaka kuniua kwa sababu ya kabila. Sasa nimefungwa na watu niliowatengenezea milango." Nilikuwa shemeji yake kwa kuwa mke wake ni wa ukoo wetu. Sikuwa na jibu.

Serikali iliyomfunga Fundi ni ile ile iliyosimama mbele ya dunia nzima kuwatetea ndugu zake. Hilo si jambo la kupita nalo kimya. Ujasiri wa nje na woga wa ndani vilitoka meza moja, ndani ya miezi kumi na tano. Najua hoja ya usalama. Kulikuwa na bunduki mpakani kweli, na nchi yoyote ina haki ya kuzuia silaha zisipite kwake. Lakini seremala mwenye vichanja vya kahawa na stakabadhi za kodi si silaha, na kijiji kizima kingeweza kuliapia hilo kama kingeulizwa. Hakikuulizwa.

Huko juu siasa iliendelea. Mazungumzo ya pande zote yalianza Arusha Juni 1998. Tarehe 23 Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa, na Liemba ikapiga honi tena kuelekea kaskazini. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba mwaka huo, Nelson Mandela akashika kazi, akazisema kambi za kukusanya watu hadharani hadi Buyoya akakubali mwaka 2000 kuzivunja. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Haukumaliza vita siku ile, lakini ndio uliojenga njia. Mimi nasema vikwazo vilichangia kumfikisha Buyoya mezani, kama mgomo wa makuli ulivyomfikisha Micombero kwenye fidia.

Mei 2015 niliona tena Warundi wakikimbia. Rais Pierre Nkurunziza aling'ang'ania muhula wa tatu, na maelfu kwa maelfu ya Warundi wakashuka kwenye ufuko mwembamba wa Kagunga, chini ya milima, mahali pasipo barabara ya gari. Walizidi 50,000, kipindupindu kikaingia, na Liemba ndiyo ikawa inawabeba kwa mafungu hadi Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika, kisha Nyarugusu. Safari hii majirani hawakufunga milango ya biashara. Walikutana, wakatoa matamko, wakamteua Mkapa, sasa mzee mstaafu, asuluhishe. Mwaka 2019 alikabidhi ripoti yake bila mwafaka. Alikuwa mtu yule yule wa 1996. Aliyokosa safari hii ni yale malori yaliyogeuzwa Manyovu.

Fundi alirudi Burundi mwenyewe, kabla Mtabila haijafungwa mwishoni mwa 2012. Shamba la baba yake Nyanza-Lac alikuta lina michikichi ya mtu mwingine, aliyepewa na serikali baada ya 1972, naye ana watoto na makaburi hapo. Kesi hiyo ilikuwa haijaisha alipofariki. Watoto wake wako hapa Kalinzi. Mmoja anauza kahawa kwenye chama chetu, na milango bado inafunguka na kufungwa.

Kati ya 2010 na 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa 1972, jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya, nami najivunia. Hao walikuwa wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliokaa vijijini mwa Kigoma, katikati yetu, hawakuwamo katika hesabu hiyo. Wamebaki wazee wachache, wengine na fimbo, na watendaji wa vijiji wanawajua kwa majina na kwa nyumba. Wale ambao hadi leo hawana karatasi, wapeni wakiwa hai.